Chipu za mkataba wa silaha, chipu za leseni ya biashara: kijana wa Malindi ashike njia ipi?

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinikuta dukani, nimefungua GPS ya nahodha mmoja wa Mayungu. Ilikuwa imeingia maji. Shaba ya kwenye bodi ilikuwa imeota ule ukungu wa kijani ambao kila fundi wa pwani anaujua, lakini chipu kubwa ya katikati ilikuwa bado nyeusi na safi. Nikampa kioo cha kukuzia. Akasoma namba ndefu iliyochapwa mgongoni mwake, kisha neno la mwisho: TAIWAN. Kando yake kulikuwa na chipu ndogo ya kumbukumbu, na hiyo imeandikwa MALAYSIA.

"Sasa mjomba," akaniuliza, "na mimi niende wapi?"

Ana diploma ya umeme na elektroniki, na mkobani alikuwa na barua mbili. Ya kwanza ni ufadhili wa kusomea mikroelektroniki, yaani elimu ya kutengeneza chipu, huko China, miaka minne, imelipwa yote isipokuwa nauli. Ya pili ni nafasi ya mafunzo kazini hapa Kenya, huko bara, kwenye mradi wa chipu unaosaidiwa na Wamarekani. Posho ni ndogo, ila wanaofanya vizuri wameahidiwa kupelekwa Marekani. Dada yangu anataka China kwa sababu imelipiwa. Shemeji anataka binti asivuke bahari. Mimi siku ile sikumjibu, nilimwomba muda. Haya ndiyo niliyomrudishia, na nayaweka hapa kwa kuwa najua wako wengine wenye barua kama zake.

Neno langu kubwa ni moja. Kwenye chipu, kabla hujauliza mshahara au jina la chuo, uliza kibali cha elimu hiyo kimeshikwa na nani, na anaogopa nini. Mara nyingi anaogopa silaha.

Kikomo kilichomo ndani ya GPS

Tuanze na hicho kifaa cha nahodha. GPS ni mtambo wa jeshi la Marekani. Hadi mwanzoni mwa Mei 2000 jeshi hilo lilikuwa likiichafua makusudi ishara ya raia, na nahodha aliweza kupotoshwa kwa mita 100 hivi. Aliyeamuru uchafuzi huo uzimwe ni Rais Bill Clinton. Lakini kikomo kingine hakijaondoka. Vipokezi vingi vya kiraia hutengenezwa vikiwa na amri ndani yake: ukivuka mwendo wa karibu kilomita 1,850 kwa saa na kimo cha kilomita 18, nyamaza. Hakuna mashua wala ndege ya abiria inayofika huko. Kombora hufika. Kwa hiyo hata chipu inayomwelekeza mvuvi kwenye mwamba wa changu imechongwa kwa kufuata sheria ya kudhibiti silaha.

Na si ajabu, maana chipu zilizaliwa jikoni kwa jeshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanunuzi wakubwa wa saketi hizi Marekani walikuwa kombora la Minuteman II na chombo cha Apollo cha kwenda mwezini. Baadaye soko la raia likawa kubwa kuliko la jeshi mara nyingi, lakini kitu chenyewe hakikugawanyika. Chipu ya mashine ya kufulia yaweza kuingia kwenye droni. Baada ya vita vya Ukraine kupamba moto mwaka 2022, mabaki ya silaha za Urusi yalipofunguliwa yalikutwa na chipu za kampuni za Magharibi, nyingine za kawaida kabisa. Ndiyo maana siku hizi serikali haziulizi tu unauza nini. Zinauliza unamuuzia nani, na yeye atampa nani.

Korea: nchi moja, njia mbili

Elimu ya chipu huvuka mipaka kwa njia mbili: mkataba wa silaha, au leseni ya biashara. Ukitaka kuziona njia hizi mbili zikiwa bega kwa bega, iangalie Korea Kusini, kwa sababu ilizipita zote.

Njia ya silaha kwanza. Mwaka 2014 Korea ilikubali kununua ndege 40 za kivita aina ya F-35A kutoka Marekani. Katika mazungumzo iliomba ipewe teknolojia 25 za kuisaidia kuunda ndege yake yenyewe. Mwaka 2015 ikajulikana hadharani kwamba nne zimekataliwa: rada ya kisasa inayoelekeza mawimbi bila kuzungusha sahani, kitambuzi cha joto, jicho la kulenga shabaha, na mtambo wa kuvuruga rada za adui. Ukihesabu kwa idadi, Korea ilipata 21 kati ya 25 na ungesema imefaulu. Ukiangalia kwa undani, zile nne ndizo zenye chipu nzito. Rada ya namna hiyo hubeba vitengo zaidi ya elfu moja vya kutuma na kupokea mawimbi, na kila kimoja ni kazi ya semikondakta, yaani mali ya kuundia chipu. Walichonyimwa ndicho kiini. Wakorea wakaunda rada yao wenyewe, na ndege yao, KF-21, iliruka mara ya kwanza Julai 2022. Fedha za F-35 hazikuwanunulia rada hiyo.

Sasa njia ya biashara. Mwaka 1983 Samsung ilitaka kuingia kwenye chipu za kumbukumbu. Ilikwenda kwa Micron, kampuni changa ya jimbo la Idaho iliyokuwa na shida ya fedha, ikanunua leseni ya usanifu wa chipu ya kilobiti 64. Haikununua ndege, haikusubiri cheo cha urafiki. Ilipofika miaka ya 1990 Samsung ilikuwa inaongoza dunia kwa chipu za kumbukumbu, na hadi leo Micron na Samsung ni washindani.

Nikimweleza mpwa wangu hapa nilimpa mfano wa nyumbani. Mkataba wa silaha hukuletea sinia ya pilau, na aliyeipika amekaa juu ya mfuniko wa sufuria usimwone anavyokaanga kitunguu. Leseni hukuingiza jikoni, japo jiko lenyewe laweza kuwa la zamani.

Ngomeni tulishaona

Watu wa Malindi hatuhitaji kwenda Korea kulielewa hili. Ukisimama ufukweni Ngomeni unayaona majukwaa ya San Marco, ya Wataliano, yamesimama baharini kwa miguu ya chuma. Hapo ndipo roketi za kupeleka setilaiti zilirushwa mara tisa, kuanzia Aprili 1967 hadi Machi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru, iliruka setilaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza anga kwa miali ya eksirei, na ikapewa jina la Uhuru kwa heshima ya Kenya. Naipenda habari hiyo kila nikiisimulia.

Lakini tuangalie nani alishika nini. Roketi, zilizoitwa Scout, zilikuwa za Marekani, na hatua yake ya pili ilitokana na kombora la jeshi liitwalo Sergeant. Wataliano walifundishwa na Marekani kuzirusha. Sisi tulitoa bahari iliyo karibu na ikweta. Elimu ya roketi ilishuka kutoka Marekani hadi Italia, na huko ikasimama. Kituo cha nchi kavu bado kinafanya kazi ya kuwasiliana na setilaiti, lakini roketi ya mwisho ilipoondoka 1988 haikuacha kijana wa Ngomeni anayejua kuchanganya fueli yake.

Ni haki niseme na upande wa pili. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya, 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga, ikiwa kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na Sapienza cha Roma. Matunda hayo yalikuja pale vyuo vilipokaa meza moja, wanafunzi wakashika bisibisi. Roketi zilizotangulia kwa miaka 21 hazikuyaleta.

Taiwan ilinunua kitu kikuukuu

Neno TAIWAN kwenye ile chipu lilianza mwaka 1976. Serikali ya kisiwa hicho, kupitia taasisi yake ya utafiti wa viwanda, ITRI, iliingia mkataba na kampuni ya Marekani ya RCA. Wahandisi vijana wakapelekwa viwandani kwa RCA kujifunza, na mwaka 1977 wakaanzisha kiwanda cha majaribio nyumbani. Mistari ya saketi waliyofundishwa kuchora ilikuwa na upana wa mikroni 7 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na wakati huo hiyo ilikuwa teknolojia iliyopitwa. Bidhaa zao za mwanzo zilikuwa chipu za saa. Baada ya muda mfupi idadi ya chipu nzuri walizovuna katika kila bamba la silikoni ilipita ile ya walimu wao.

Ninaurudia ukuukuu huo kwa sababu ndio siri. RCA haikuogopa kuitoa teknolojia ile, na serikali ya Marekani haikuona sababu ya kuizuia, kwa kuwa saa ya mkononi haimtishi mtu. Aliyetaka cha mbele kabisa angekutana na mlango wa jeshi. Aliyechukua cha nyuma alipita, na alichopata kilikuwa mikono iliyozoea kazi. Kampuni ya chipu ya UMC ilizaliwa hapo kisiwani 1980. Nyingine, TSMC, ilizaliwa 1987 chini ya mwanzilishi wake Morris Chang, huku Philips ya Uholanzi ikileta teknolojia na kuchukua asilimia 27.5 ya hisa.

Usije ukadhani leseni haina siasa, lakini. RCA ilikuwa ikimfundisha mshirika ambaye Marekani ilikuwa inampa silaha, na tangu 1979 kuuziwa silaha za kujilinda kumeandikwa kwenye sheria ya Marekani kuhusu Taiwan. Na mwanafunzi alipokua, siasa ikamfuata hadi kitandani. Tarehe 15 Mei 2020 TSMC ilitangaza kujenga kiwanda Arizona. Siku hiyo hiyo Washington ilitangaza kanuni ya kuzuia Huawei, kampuni ya China, isitengenezewe chipu popote duniani kwa mashine au programu za Marekani. Matangazo mawili ya siku moja! Mahali pa kiwanda palichaguliwa huku jeshi la Marekani likiwa na wasiwasi kwamba chipu za silaha zake, pamoja na za F-35, hutoka kisiwa kilicho mbele ya mizinga ya China. Arizona ilianza kwa ahadi ya dola bilioni 12. Machi 2025 ahadi ilikuwa imefika bilioni 165. Hakuna mhasibu ambaye angeupanda mlima huo kwa gharama za kazi peke yake, maana kujenga Marekani ni ghali kuliko kujenga Taiwan.

China: mlango wa juu umefungwa, wa chini uko wazi

Hapa ndipo barua ya kwanza ya mpwa wangu inapokuja. Tarehe 7 Oktoba 2022 Marekani iliweka mstari. Kiwanda cha China kinachotengeneza chipu za kukokotoa za nanomita 16 au 14 na chini yake (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita; namba ikipungua, chipu ni ya kisasa zaidi), au aina fulani za kumbukumbu za kisasa, kisipewe mashine, programu wala wataalamu wa Kimarekani bila kibali. Sababu iliyotajwa waziwazi ilikuwa jeshi la China. Kabla ya hapo, mashine za kampuni ya ASML ya Uholanzi zinazochora chipu kwa mwanga wa urujuanimno uliokithiri (EUV), mashine moja ikiwa zaidi ya dola milioni 150, zilikuwa tayari hazipelekwi China. Mwaka 2023 Japani na Uholanzi zikaongeza vizuizi vyao. China nayo ikaanza kudai vibali kwa gali na gerimani inazouza nje, madini ambayo rada na vitambuzi vya joto haviwezi kuyakosa.

Wengi husoma habari hizi wakasema China imekwisha. Mimi sioni hivyo. Agosti 2023 Huawei ilitoa simu ya Mate 60 Pro yenye chipu ya nanomita 7 iliyotengenezwa China na kampuni ya huko iitwayo SMIC, bila mashine zile za ASML. Na chini ya mstari, kwenye chipu zisizo za kisasa sana, za nanomita 28 na kuendelea juu, viwanda vya China vinaongezeka kwa kasi. Hizo za chini ndizo zetu sisi: chipu za chaja za sola, za mita za umeme za tokeni, za pikipiki za umeme, za friji za samaki. Kijana anayesoma China leo atashika mashine. Atakachokosa ni kuingia kirahisi upande wa pili akitaka kufanya kazi za juu kabisa.

Nyeri, na cheo kinachoweza kuvuliwa

Sasa barua ya pili, ya hapa Kenya. Kenya ina kiwanda chake kidogo cha chipu, Semiconductor Technologies Limited, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri. Mei 2024 Rais Ruto alipopokewa Washington, mambo mawili yalitangazwa katika ziara hiyo moja. Kwanza, Kenya ingepewa cheo cha mshirika mkuu wa Marekani asiye mwanachama wa NATO, cheo kinachorahisisha kununua vifaa vya kijeshi na kushirikiana katika utafiti wa ulinzi. Kilitiwa saini Juni. Pili, Marekani ingetafuta kuiingiza Kenya kwenye mfuko wa kimataifa wa sheria yake ya chipu ya 2022. Silaha na chipu zilikaa kwenye karatasi moja.

Mwaka uliofuata, katika Seneti ya Marekani, likaletwa pendekezo la kukipitia upya cheo hicho, na ukaribu wa Kenya na China ukiwa miongoni mwa hoja. Hapo ndipo ninaposita. Sisemi Nyeri ni pabaya. Nafurahi kupaona, na nataka pakue. Ninachosema ni kwamba elimu iliyofungwa kwenye cheo cha kijeshi hutikisika rais mmoja akipanda ndege kwenda Beijing. Kama mradi wa Kenya umesimama juu ya mkataba wa kibiashara wenye mafunzo ndani yake, kama ule wa RCA, mwache binti aende mbio. Kama umesimama juu ya urafiki wa ulinzi, aende akijua.

(Wapo wanaouliza kwa nini kiwanda kisijengwe huku kwetu. Sodiamu, moja ya vitu viwili vinavyounda chumvi, ndiyo iliyozisumbua transista (vijiswichi vidogo vya ndani ya chipu) za kwanza za aina ya MOS miaka ya 1960: chembe zake zikiingia kwenye oksidi, transista hukosa utulivu. Pwani yenye mashamba ya chumvi Gongoni na Marereni ingelazimika kuchuja hewa na maji kwa gharama kubwa. Usanifu wa chipu, unaohitaji kompyuta na akili, unaweza kufanyika Malindi kesho.)

Penang, kwa kifupi

Ile chipu ya pili iliyosema MALAYSIA yaelekea ilikatwa, ikafungashwa na kupimwa huko. Intel ilifungua kiwanda Penang mwaka 1972, na leo Malaysia hufanya karibu asilimia 13 ya kazi hiyo duniani. Ni njia tulivu, haina masharti mengi ya silaha, na inaajiri watu wengi. Ubaya wake ni kwamba unaweza kukaa ngazi hiyo miaka 50. Na hata huko utulivu umeguswa: Julai 2025 Malaysia ilianza kudai vibali kwa chipu za akili bandia za Marekani zinazopita nchini humo kwenda kwingine.

Pasipoti nayo ni kibali

Hili watu hawawaambii vijana, na ndilo lililonifanya nikae macho usiku. Kwa sheria ya Marekani, kumwonyesha mgeni teknolojia inayodhibitiwa ndani ya maabara ya Marekani kunahesabiwa kama kuisafirisha hadi nchi ya mgeni huyo. Bidhaa haikuvuka bahari, lakini imeshauzwa nje. Kwa hiyo "utapelekwa Marekani" haimaanishi "utaingizwa kwenye kila chumba". Na ukija kupata ukaazi wa kudumu Marekani, zile kanuni za Oktoba 2022 zinakuhesabu pamoja na Wamarekani: kusaidia viwanda vya juu vya China kunahitaji kibali, hata ukiwa umezaliwa Shela ya Malindi.

Basi barua ipi?

Nilimuuliza anataka kutengeneza nini. Akasema vidhibiti vya sola na vya pikipiki za umeme, maana ndivyo anavyoviona vikiungua kila siku dukani kwangu. Kwa kazi hiyo, ya chipu za kuhimili umeme mkubwa, ningechukua China. Ni ngazi iliyo mbali na ule mstari, mashine zipo, na akirudi atakuta kazi. Angenijibu kwamba anataka kusanifu vichakataji vya akili bandia, ningemwambia abaki na barua ya Kenya, avumilie posho, na atafute uzamili kwa washirika wa Marekani, kwa sababu kwenye kazi hiyo kusomea upande usio wako kunaweza kukufungia upande mwingine maisha.

Ila nilimwekea sharti. Kabla ya kusaini awaandikie wote wawili maswali matatu: mwanafunzi anashika mashine kwa mikono yake au anaangalia kupitia kioo, kuna sehemu ya mafunzo inayohitaji kibali cha serikali, na anatoa nani, na mkataba wao na mfadhili ukivunjika, mwanafunzi anamalizia wapi.

Juzi usiku China walijibu swali la kwanza na la tatu. Maabara ni ya mabamba ya milimita 200, wanafunzi wanaingia kuanzia mwaka wa pili. Ufadhili ukikatika chuo kinamwacha amalize kwa ada ya kawaida. La pili wameliruka. Mradi wa Kenya umejibu la pili peke yake, tena kwa uwazi: vibali vinatoka Washington, na baadhi bado vinasubiriwa. Leo asubuhi amewaandikia tena wote wawili, kila mmoja kwa swali aliloacha. Ana hadi mwisho wa mwezi.